Maji ya Mashuka

Dobi: Haloo, nani mwenzangu? Sema upesi, mikono ina povu.

Mjane: Mimi.

Dobi: Mimi nani? Mimi wako wengi duniani.

Mjane: Mimi wifi yako. Shikamoo sikupi, hujanizidi. Nakupa za kazi tu.

Dobi: Aaa, wifi! Kumbe wewe! Hii namba ya nani tena?

Mjane: Ya fundi cherehani. Yangu ina siku ya nne inaita kwako haipokelewi.

Dobi: Simu yangu hii, wifi, sijui ina shetani gani. Mara inalia, mara inanyamaza yenyewe, yaani—

Mjane: Ya fundi umeipokea mara ya kwanza.

Dobi: Si ndiyo maajabu yake hayo! Haya, mzima lakini? Mwanetu hajambo?

Mjane: Hajambo, yuko shule. Nami nashukuru Mungu. Fundi kaniambia salio ni la dakika kumi, na akimaliza zipu ya mteja wake anaitaka simu.

Dobi: Basi tusile dakika za watu. Nitakupigia jioni, leo nina mashuka ya vyumba tisa, na huyu mama mwenye gesti kaamkia ubavu—

Mjane: Magunia yamekufa.

Dobi: Eti? Sikusikii, bomba linamwaga hapa.

Mjane: Funga bomba.

Dobi: [maji yananyamaza] Nimefunga. Unasemaje?

Mjane: Magunia yangu. Yote kumi na manne. Mchicha, spinachi, na vitunguu vya juu. Lilikuwa limebaki moja, lile la karibu na mlango. Asubuhi nimetoka kwenye sala nikalikuta nalo limelala.

Dobi: Mama yangu! Pole, wifi. Pole mno. Jua la mwaka huu halina adabu.

Mjane: Jua lipo tangu mwaka uanze. Mwezi uliopita majani yalikuwa yananing'inia kama masikio ya tembo, na jua ni hili hili.

Dobi: Basi ni wadudu. Kuna kimdudu cheupe kinapita—

Mjane: Sijaona mdudu hata wa dawa. Hata sisimizi wamehama.

Dobi: Basi jicho, wifi. Mimi nilikwambia. Magunia kumi na manne umeyasimamisha uwanjani kama askari wa gwaride, kila apitaye anasimama anahesabu. Ningekuwa mimi ningeyaficha nyuma ya choo.

Mjane: Shemeji anakuja kesho.

Dobi: Kaka mkubwa?

Mjane: Saa nne, akitoka ibada ya asubuhi.

Dobi: [mtandao unakoroma] ...kesho? Mbona mimi nilidhani ni wiki ijayo?

Mjane: Umedhani kwa nani? Mimi nimeambiwa jana usiku.

Dobi: Aa, nilikisia tu.

Mjane: Siku ile tunamaliza msiba ulikuwa umekaa ubavuni kwangu, juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kaka yako alisema nini?

Dobi: Wifi, unanihoji kama hakimu.

Mjane: Nakukumbusha. Alisema shamba la bondeni linarudi kwenye ukoo. Nyumba na uwanja wake aachiwe mjane mpaka mvua za pili. Akionekana anajilisha kwa mkono wake, akae. Akishindwa, arudi kwao alikotoka, na mtoto abaki. Nikainama. Wewe ukaniminya mkono, ukaninong'oneza, "Usilie wifi, kuna kilimo cha magunia, hakitaki shamba."

Dobi: Na sikukudanganya.

Mjane: Hukunidanganya. Hatua sita za uwanja zilinilisha mimi na mwanangu. Zahanati wakaanza kuchukua mafungu kila Ijumaa. Wanawake wenye mashamba mapana wakaja kuniomba mbegu, mimi niliyenyang'anywa shamba. Kesho shemeji anakuja kuona hayo, na atakachokiona ni magunia ya udongo na vijiti.

Dobi: Utamweleza tu. Kaka ana ukali wa mdomoni, moyoni ni mtu.

Mjane: Nimweleze nini?

Dobi: Kwamba ni... ni jua.

Mjane: Umesema hukunidanganya. Tuendelee hapo hapo. Mafunzo ya magunia yalikuwa ya nani?

Dobi: Ya kikundi.

Mjane: Jina lililoandikwa lilikuwa langu. Lakini siku zile mbili nilikuwa wodini nampepea marehemu kwa gamba la daftari. Nikakutuma wewe. Nikakwambia nenda na masikio mawili, moja lako na jingine langu.

Dobi: Nikaenda! Na nilikuletea kila kitu, wifi, usinifanye mwizi wa fadhila. Kopo lisilo na kitako unalisimamisha katikati, unalijaza kokoto, udongo unaweka pembeni, halafu unalivuta juu kidogo kidogo mpaka gunia lijae. Nani alikwambia? Samadi iliyokaa miezi mitatu, isiwe ya moto. Nani? Matundu yapishane ili mche wa juu usiufunike wa chini. Nilikuchorea mavumbini na kijiti, mpaka kuku akapita akavuruga, nikachora tena.

Mjane: Ulichora vizuri. Nilikushukuru.

Dobi: Ee. Basi.

Mjane: Na maji?

Dobi: Maji vipi?

Mjane: Kwenye mafunzo, habari ya maji walisemaje?

Dobi: Maji ni maji, wifi. Walisema umwagilie asubuhi na jioni, juu kwenye kokoto. Walisema ya kuoshea vyombo hayatupwi. Ndiyo hayo.

Mjane: Ndiyo hayo?

Dobi: Ndiyo hayo. [sauti mbali: "We dobi!"] Naaam! Nakuja bosi, nasuuza! Wifi, unaniponza, huyu—

Mjane: Kisima kilipokauka nilikaa kizingitini nikasema sasa nimekwisha. Jioni ile ile ukaja na baiskeli, madumu mawili, moja kila upande. Nikasema nini?

Dobi: Ulisema... "Mungu akujaze."

Mjane: Ukaja kesho yake. Ukaja siku ishirini na moja, hukukosa hata moja. Hata siku ile tairi limepasuka ulikuja unasukuma, jasho linakutoka. Kila dumu nililolimimina nililiombea. Nilikuombea wewe kwa jina kabla sijajiombea mwenyewe.

Dobi: [anakamua shuka]

Mjane: Upo?

Dobi: Nipo. Nashukuru kwa dua.

Mjane: Usinishukuru. Leo bibi shamba amekuja.

Dobi: Bibi shamba gani?

Mjane: Yule yule wa mafunzo. Nilimtumia ujumbe kwa mwenyekiti wa kikundi.

Dobi: Si angekuja siku nyingine? Maana hawa watu wa ofisi, wifi, wanakuja na daftari tu, hata jembe hawajui linashikwa—

Mjane: Alitia kidole kwenye udongo, akakitazama. Akaniuliza unamwagilia nini. Nikamletea dumu la mwisho, lilikuwa na maji kidogo. Akafungua kifuniko, akanusa. Halafu akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi mchana. Kabla sijakwambia alichosema, nakupa nafasi. Una neno?

Dobi: Neno gani sasa, wifi?

Mjane: Lolote.

Dobi: Mimi ni dobi, nina neno gani mimi? Nilikuletea maji nikiwa nimechoka kama punda. Watu wengine hawakukuletea hata glasi.

Mjane: Alisema maji yana klorini. Ni maji ya kuloweka mashuka, ya kuondoa madoa. Si hata ya kusuuza. Amesema udongo wote nitoe, niumwage mbali, hautazaa kitu msimu huu.

Dobi: Loo! Mimi sikujua, wallahi. Mimi nilidhani yakilala usiku mmoja dawa inakufa yenyewe. Nani angejua? Sisi hatujasoma kemia—

Mjane: Kuna aliyeuliza.

Dobi: Eh?

Mjane: Bibi shamba amesema siku ya pili ya mafunzo kuna mama alinyoosha mkono. Akauliza, "Maji ya kufulia mashuka ya gesti, yenye dawa, je?" Akamjibu mbele ya watu wote, "Hayo usithubutu, yanaua hata magugu." Nikamuuliza, mama gani? Akasema jina halikumbuki. Mfupi hivi, ana pengo hapa mbele, na kicheko kama cha kuku aliyetaga.

Dobi: [mtandao unakatakata] ...wifi... wako wengi...

Mjane: Sogea dirishani, nakusikia nusu.

Dobi: Nasema wanawake wafupi wenye mapengo wako wengi!

Mjane: Wako wengi. Wanaofua mashuka ya gesti wangapi?

Dobi: [bomba linafunguliwa, linafungwa]

Mjane: Dakika zinakwenda.

Dobi: Sikukushika mkono ukamwagilia.

Mjane: Hukunishika.

Dobi: Una pua. Ungenusa.

Mjane: Nilinusa. Nikasema ni harufu ya usafi. Nikasema wifi yangu anafanya kazi ya usafi. Mtu akikuletea chakula huanzi kwa kumwonjesha mbwa.

Dobi: Unanitukana sasa.

Mjane: Sijakutukana. Wewe mwenyewe una magunia manne pale mlangoni pa chumba chako cha kupanga. Nilipokuja kukujulia hali nilikuta chupa zimefudikizwa juu yake, zinadondosha tone tone. Maji waliyobakiza wageni, ya kunywa. Nikasema moyoni, wifi ana akili. Sikuuliza kwa nini langu ni dumu na lako ni chupa.

Dobi: Chupa ni ndogo, zingekutosha magunia kumi na manne?

Mjane: Zisingenitosha. Zisingeniua pia.

Dobi: [anapumua kwa nguvu] Sikia, wifi. Tuache mchezo. Kesho kaka anakuja saa nne, sivyo? Mimi magunia yangu yamestawi. Jioni nikitoka nang'oa miche yote, nakuletea kwenye beseni na udongo wake. Tunachomeka kwenye matundu yako mimi na wewe. Tunanyunyiza maji safi. Kaka akija anakuta kijani kitupu, anatikisa kichwa, anakunywa chai yake, anaondoka. Umekaa. Nani atajua?

Mjane: Saa sita mchana itakuwa imelala.

Dobi: Saa sita atakuwa ameshaondoka!

Mjane: Nisimame mbele ya mtu aliyetoka kusali, nimwonyeshe mboga za kuchomeka, niseme hiki ndicho nilicholima?

Dobi: Ndiyo! Wewe unataka nyumba au unataka pepo?

Mjane: Nataka vyote viwili.

Dobi: [anacheka kidogo]

Mjane: Sitaki miche yako. Nataka ulimi wako. Njoo kesho saa nne, useme mbele ya kaka yako, "Wifi alilima, ikaota, maji yaliyoharibu niliyaleta mimi." Basi. Kama ulijua au hukujua, hilo sitakuuliza mbele yake. Atanipa msimu mwingine. Bibi shamba amenihesabia, nikipata udongo mpya wiki hii, wiki ya sita nakata mchicha.

Dobi: Siwezi.

Mjane: Kwa nini?

Dobi: Siwezi tu.

Mjane: Kwa sababu yeye ndiye aliyekwambia nikishindwa nyumba ni yako?

Dobi: Nani kakwambia?

Mjane: Hakuna. Umeniambia wewe sasa hivi.

Dobi: Alisema nyumba isikae tupu. Hakusema zaidi.

Mjane: Alisema lini? Kabla kisima hakijakauka, au baada?

Dobi: Wifi, acha.

Mjane: Kabla au baada?

Dobi: Kabla! Haya, kabla! Umefurahi? Sasa na mimi nisikilize, maana wewe ukishasali unadhani dunia nzima imekukosea wewe tu. Hiyo nyumba unayoililia, matofali yake nani aliyabebea maji? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliachishwa shule, la tano sikulimaliza, nikabeba maji ya kufyatulia matofali msimu mzima, shingo ikaingia mabegani, ndiyo maana nikabaki mfupi mnaonicheka. Baba akasema chumba cha uani ni changu. Akafa. Kaka yangu—mumeo—akakuoa, chumba kikawa cha jembe na kuku. Mimi nikaambiwa nitaolewa. Nikaolewa, nikarudishwa. Nikaambiwa nitaolewa tena. Nina miaka arobaini na tatu nalala kwenye chumba cha mtu, nikikohoa jirani ananiambia pole ukutani.

Mjane: Hukuniambia.

Dobi: Ungefanya nini?

Mjane: Ningewatoa kuku. Nakwambia kweli. Mwaka wa kumi na moja naishi pale, hakuna aliyeniambia chumba kile kina mwenyewe. Wewe ulikuwa unakuja, unakula, unacheka, unaondoka. Ungesema siku moja tu.

Dobi: Mtu anaomba chake?

Mjane: Anaomba. Hata mimi kesho naomba changu.

Dobi: Na nikisema unavyotaka, kaka atanifanyaje? Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii kwa huyu mama. Atasema nimemwaibisha, nimemuua mtoto wa ndugu yake kwa njaa. Nyumba sitapata, kazi sina, na ukoo utanitemea mate. Wewe utabaki na magunia yako, mimi nitabaki na nini?

Mjane: Utabaki na neno la kweli.

Dobi: Halipangishi chumba.

Mjane: Halipangishi.

Dobi: Na wewe ukimwambia peke yako hatakuamini. Mimi ni damu yake. Wewe ni mtu wa kuja.

Mjane: Najua.

Dobi: Bibi shamba naye hanijui jina.

Mjane: Hakujui. Na kesho yuko kwenye semina, hawezi kuja. Nilimwomba.

Dobi: Sasa kama unajua yote hayo, ulinipigia za nini? Ulitaka nini kwangu?

Mjane: Nilitaka nijue kesho nitakaa mbele ya shemeji nina wifi au sina. Ngoja kidogo... Naam, fundi? Ndiyo, namalizia. Amemaliza zipu, anataka simu.

Dobi: Wifi, usikate kwanza.

Mjane: Salio lenyewe linalia.

Dobi: Utaniombea laana?

Mjane: Sijui kuombea hiyo, sikufundishwa. Lakini leo, bibi shamba alipoondoka, nilisali, jina lako nikalifikia nikakwama. Nimekaa na magoti yangu mpaka yakafa ganzi, halikutoka. Hilo ndilo umenichukulia, zaidi ya mchicha.

Dobi: Wifi...

Mjane: Saa nne. Nitakuwa nimefagia uwanja, na magunia nitayaacha yalivyo, ayaone. Ukija, njoo. Usipokuja, madumu yako mawili nimeyaosha, nimeyaegemeza ukutani, utayachukua siku utakayohamia.

Dobi: Usiseme hivyo, wifi. Ningoje kwanza, ningoje niseme—

Mjane: Sema upesi, fundi kanyoosha mkono.

Dobi: Mimi siku ile, siku ya mafunzo... [mtandao unakoroma] ...mimi nilitaka tu ukonde kidogo, uchoke, useme mwenyewe narudi kwetu. Sikutaka magunia yote. Nilijua, wifi. Niliuliza nikajibiwa, na lile dumu la kwanza kabisa nililijaza huku nimegeuza uso. Siku ile tairi lilipopasuka nilitaka niyamwage yale maji njiani, Mungu anaona, niliinamisha baiskeli nikayashika... Wifi? Unanisikia? Nilijua. Nitakuja kesho, sijui kama mdomo utafunguka, lakini... Wifi? Haloo? Haloo?

[simu imekatika]

Dobi: Naaam, bosi! Niko huku kwenye bomba! Hapana, siongei na mtu. Hii? Aa, namba ngeni tu, mtu kakosea.